Uzinduzi wa Mwongozo Usiomshtua Mtu

Idara ya Ukuaji kwa Staha ilitangaza, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba baada ya miaka sita ya vikao, semina elekezi na chai, Mwongozo wa Afya ya Uzazi kwa Vijana Balehe umekamilika, na kwamba ndani yake hamna neno hata moja la kumshtua mtu.

Mkurugenzi wa Idara alijivuna, na alikuwa na haki. Kazi haikuwa lelemama. Rasimu ya kwanza ilikuwa na picha ya mwili mzima. Kamati ilipomaliza kuipitia, vilibaki kichwa, mikono na miguu kuanzia magotini, na katikati ikawekwa nembo ya Idara. Sura ya hedhi ilibatizwa jina la Mabadiliko, kisha ikafupishwa: kijana ataona mabadiliko, mabadiliko hayo ni ya kawaida, kwa maelezo zaidi amwone mtu mzima anayeaminika. Mjumbe mmoja aliuliza mtu mzima huyo ni nani hasa. Walimu waliondolewa, kwa kuwa walimu wana tabia ya kueleza. Wauguzi wakaondolewa kwa kosa hilohilo. Akabaki mzazi, ambaye uzoefu ulionyesha kwamba hatasema kitu.

Siku ya uzinduzi ukumbi wa shule ulipambwa ukapambika. Aliyeteuliwa kumkabidhi Waziri nakala ya kwanza alikuwa binti wa Mkurugenzi mwenyewe, wa miaka kumi na miwili, katika gauni jeupe pe lililopitishwa na kamati ndogo ya itifaki. Watu walinong'ona kuhusu upendeleo. Mkurugenzi hakuwajali, maana mtoto yule alikuwa mfano hai wa sera: hakujua lolote. Mama yake alitaka kumweleza mwaka uliopita, lakini Mkurugenzi alimsihi asubiri Mwongozo utoke, isije ikasemwa nyumba yao imeitangulia serikali.

Waziri alikuwa bado njiani mwalimu wa malezi alipomwinamia Mkurugenzi sikioni. Binti alikuwa amejifungia chooni, na alikuwa akisema anakufa.

Mkurugenzi aliinuka taratibu, kwa kuwa wapiga picha walikuwa wanamtazama. Alipofika koridoni alitimua mbio.

"Amekula nini?" alimuuliza mwalimu, akihema.

"Hajala kitu, Mheshimiwa. Ameona mabadiliko."

"Sasa si umweleze?"

"Mwenzangu alieleza mwezi uliopita, akasimamishwa kazi. Barua uliisaini wewe."

Mkurugenzi alimpa ruhusa palepale. Mwalimu alimkumbusha kwa heshima zote kwamba ruhusa hutolewa na kamati nzima. Alikuwa sahihi, na kifungu hicho Mkurugenzi alikitunga mwenyewe, tena akapigiwa makofi. Basi akausogelea mlango wa choo cha wasichana, akagonga.

"Mama, nifungulie."

"Baba, natoka damu. Haikatiki. Nitakufa?"

Mkurugenzi alikohoa kidogo. Alimfahamisha binti kwamba tukio hilo ni sehemu ya mchakato wa ukuaji unaotarajiwa, na kwamba wadau wote wanalifuatilia kwa karibu. Mle ndani kilio kikazidi.

Kilio kile kilimkata maini. Aliegemeza paji la uso mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe aliogopa kweli.

"Hufi, mama," alisema. "Inaitwa hedhi. Kila msichana akikua huipata. Mama yako aliipata, shangazi zako waliipata. Huumwi, mwanangu."

Mle ndani kilio kikakatika.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwamba itanipata na mimi?"

"Ndiyo."

"Ukaninyamazia."

Mkurugenzi alianza kumweleza habari za vikao vya miaka sita, akakatizwa.

"Niitie mwalimu," binti alisema. "Wewe nenda kasome hotuba yako."

Mkurugenzi alimtazama mwalimu, akamwambia aingie na aeleze kila kitu, barua yoyote itakayokuja ataijibu yeye. Mlango ulifunguka kiasi cha mwalimu kupita, kisha komeo likarudi. Sauti ya mwalimu ilianza, ya chini na ya upole, ikiyataja moja baada ya jingine maneno ambayo kamati iliyafuta kwa kalamu nyekundu. Binti aliuliza swali. Akauliza la pili, bila kulia. Jibu la swali la tatu Mkurugenzi mwenyewe hakuwahi kulisikia, akatega sikio.

Ofisa itifaki alikuja kumwita, akanyamazishwa kwa kidole. Naye ana mabinti wawili, akasogea. Mwishowe Waziri, aliyechoka kusubiri jukwaani, alifuata koridoni na msafara wake, akawakuta wanaume wawili wamegandisha masikio kwenye mlango wa choo cha wasichana. Aliuliza kwa ukali kuna nini. Mkurugenzi alimweleza.

Waziri alisikiliza kidogo, uso umemkunjamana. Kisha aligonga mlango taratibu, akaomba kama wasingejali, warudie kuanzia mwanzo.