Kona Tupu ya Suzani

Bahrom alipomwona Raushan akishuka kwenye teksi na koti ambalo bei yake ingeezeka nusu ya mtaa, aliwahi chumba cha wageni kukagua chambo. Kilikuwepo ukutani: suzani, kitambaa kipana cha maua mekundu yaliyotariziwa, na kwenye kona ya chini ua moja lililoshonwa nusu, nusu iliyobaki mchoro mtupu.

Bukhara nzima inajua kwamba kona hiyo huachwa makusudi, ili shughuli za heri zisikome nyumbani. Wageni wa kupanga siku mbili tatu hawajui. Kwa hiyo kila mgeni alipofunga mizigo, Bahrom alijishika kichwa na kuuliza ni nani aliyefumua nyuzi za marehemu bibi. Mdenmaki mmoja alilia. Wote walilipa. Tusimhukumu haraka, ukarimu nao una gharama zake.

Suzani ya nyumba ile ilitoka kwa bibi yake Zulayho, mkewe Bahrom. Jumamosi binti yao Mohira alikuwa anaolewa, na suzani ingeshikwa juu ya kichwa chake kama ilivyoshikwa juu ya mama yake. Zulayho alishasema wazi: ikipatwa na lolote, Bahrom atafute pa kulala. Bahrom akaona mgeni mmoja zaidi hana madhara.

Asubuhi ya tatu alimwita Ergash-aka, mwenyekiti wa mahalla, yaani wa mtaa wao. Kampuni ya upangishaji wa mtandaoni haikubali madai ya uharibifu bila barua yenye muhuri, na Ergash-aka alikuwa na tabia njema ya kumwamini mtu yeyote aliyempikia palov, pilau ya kwao. Akawekewa sahani, akaelezwa msiba, akatikisa kichwa bila kuacha kutafuna.

"Dada, mimi sikulaumu," Bahrom akamwambia Raushan kwa Kirusi cha matangani. "Ila kitambaa kimeharibika."

Raushan aliitazama ile kona kwa muda. "Kidogo au kabisa?"

Kidogo ilikuwa dola hamsini, kabisa ilikuwa mia tatu. Bahrom hakuhitaji kutafakari.

"Kabisa, dada. Sasa hakifai hata kudekia."

Raushan akaomba maneno hayohayo yaandikwe. Ergash-aka akayaandika, akaupulizia muhuri wake pumzi ya moto, akagonga. Mgeni akalipa bila kunung'unika, kisha akapanda juu ya kiti, akakishusha kitambaa, akakigeuza upande wa nyuma, akakikunja.

"Unafanya nini, dada?"

"Nachukua changu. Nimekilipia, na wewe hakikufai hata kudekia."

Bahrom akamgeukia mwenyekiti. Ergash-aka aliisoma upya barua yake na kuiona ina ukweli mtupu. "Ni haki yake, mdogo wangu," akasema. "Muhuri ni muhuri."

Kusema kitambaa ni kizima kulikuwa kujiita mwongo mbele ya mahalla yote, tena kwa maandishi. Teksi ikaondoka na Raushan, sanduku lake na suzani.

Bahrom aliazima gari la jirani akalikimbiza hadi stesheni ya Kogon. Alimkuta kwenye benchi anakunywa chai, akamweleza habari za harusi, za bibi, za pa kulala. Alikuwa na hofu ya kweli, na safari hii hakuhitaji kuigiza.

"Kumbe kinafaa?" Raushan akauliza.

"Kinafaa, dada."

"Na ile kona?"

"Iliachwa hivyo tangu mwanzo."

"Najua. Kwetu Almaty, mapazia ya ukutani ya mama zetu nayo huachwa ukingo wa chini bila kumaliziwa. Ulidhani mambo haya mnayajua peke yenu?" Akapuliza chai yake. "Elfu moja, mdogo wangu. Bibi wa watu hauzwi kwa bei ya dekio."

Bahrom alitoa yote yaliyovunwa na kona ile tangu majira ya kuchipua, na juu yake fedha za wapiga tarumbeta wa harusi. Alirudi nyumbani amekikumbatia kitambaa, moyo umetulia.

Zulayho alikuwa anapiga pasi suzani. Nyingine. Nzito zaidi, wekundu wake umefifia kwa miaka.

"Hiyo ya chumba cha wageni umeitoa ya nini?" akauliza.

"Hii si ya bibi?"

"Ya bibi niliipeleka kwa mama, siku nilipokusikia unamliza yule mgeni. Hiyo niliinunua sokoni, dola arobaini. Ya mashine, hata kona tupu wanaitengeneza siku hizi. Mtu wa vitambaa akiigeuza tu nyuma anajua."

Bahrom akakumbuka jinsi Raushan alivyoigeuza. Aliingizwa mjini, tena katika mji wake mwenyewe, na nafsi ilimuuma sana.

"Kaitundike basi," Zulayho akasema, "halafu ukawalipe wapiga tarumbeta. Wako mlangoni."

Bahrom alichukua nyundo akaingia chumba cha wageni. Msumari mmoja ulimchukua karibu saa nzima.