Ombi la Kumfukuza Kazi Binti Yangu Dorika

Yunisi Mughwai,
Sepuka, Singida.

Kwa Mkuu wa Idara ya Hisabati,

Ndugu Mkuu, kama umenizidi umri, shikamoo. Kama hujanizidi, nasubiri yako. Mimi ni mama yake Dorika, anayefundisha hesabu za kompyuta hapo chuoni kwako. Naomba kwa heshima umfukuze kazi kabla ya Krismasi, arudi nyumbani. Sababu ni hizi:

1. Ana miaka sita yuko kwenye hesabu moja. Mimi niliishia darasa la nne, lakini tulikuwa tunamaliza ishirini kabla ya uji.

2. Mwaka huu alinipigia simu analia kwa furaha. Nikajua jibu limepatikana. Kumbe amethibitisha kwamba kwa njia waliyoitegemea wataalamu siku zote, jibu haliwezi kupatikana haraka! Na mkampandisha cheo. Jirani yangu Zefania anasema hata yeye hesabu zilimshinda, tena mapema zaidi, ila hakuna aliyemwita Daktari.

3. Likizo ya Juni tulikwenda porini kukagua mizinga yangu kumi na minne ya nyuki. Badala ya kushika bomba la moshi, akasimama anawaza ipi ni njia fupi ya kuipitia yote na kurudi nyumbani. Eti za kuchagua zinazidi bilioni arobaini. Ndugu Mkuu, pori lile nalijua, njia ni mbili. Nyuki walimuuma sikio, yeye anachora njia yake mchangani.

4. Hili ndilo linaloninyima raha. Amekonda mno. Nikimuuliza mbona hali, anasema atakula akimaliza. Na kwa maelezo yake mwenyewe, hamalizi leo wala kesho. Sasa mwanangu atakula lini?

Basi mfukuze kwa upole, mwambie hesabu zimekwisha. Sekondari yetu haina mwalimu wa hesabu, na za huku zina majibu nyuma ya kitabu.

Wasalimie walimu wote, na yule mama wa chai mwambie Dorika aongezewe maziwa.

Ni mimi mzazi mwenzako,
Yunisi Mughwai

Nyongeza: Barua imechelewa kwa sababu nilirudi porini na shoga yangu Jenipher, nikuthibitishie kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Leo siku ya tisa. Tumepata njia inayoishinda ya Dorika kwa hatua mia mbili na sita. Usimfukuze kwanza. Muulize tu, usiseme ni mimi, ukianzia kisimani inakuwaje. Jenipher ananiita nile tangu mchana. Nimemwambia nikimaliza.