Visanduku vya Upande wa Pili

Jumatatu, 3 Machi
Mtoto ana wiki saba. Mimi nina miaka mia.

Mama mkwe kaja asubuhi. Kapitisha kidole juu ya meza, kakitazama, kakifuta begani kwangu. Kasema wifi yangu, yaani binti yake, kajifungua wiki mbili kabla yangu na nyumba yake inang'aa, mtoto kanona, mwenyewe kutwa kucheka. Halafu akashusha sauti, ile ya huruma, mbaya kuliko zote. Kama nimeshindwa niseme tu, atamchukua mtoto akakae kwake mpaka nitulie.

Nikamwambia nimetulia kama maji mtungini. Alipoondoka nikaingia bafuni, nikafungulia bomba, nikalia. Bomba ni kwa ajili ya majirani.

Mume wangu ni fundi wa friji. Friji likilia vibaya nyumba ya tatu, analisikia. Mimi nimelia chumba cha pili, akauliza kama bomba limeharibika.

Jumanne, 4 Machi
Wifi kapita. Kapiga pasi mpaka nguo za mtoto wake! Kanidokeza kwamba kesho kliniki nitapewa karatasi ya maswali kumi, eti hali ya moyo ya mzazi. Moyo umenidunda. Karatasi ikisema nimeshindwa, mama mkwe atakuja na begi la kubebea mtoto.

Nikamchimba wifi kwa ujanja, huku nakunja nepi. Akasema hakumbuki mengi, ila swali la kwanza jibu zuri lilikuwa juu kabisa. Yanitosha! Mwerevu haelezwi mara mbili. Kesho ni kisanduku cha juu mwanzo mwisho.

Jioni nimefanya mazoezi ya tabasamu kwenye kioo. Mtoto kaniona, kaangua kilio.

Jumatano, 5 Machi
Nimemaliza maswali kabla ya wenzangu kupata kalamu. Muuguzi kasoma. Kageuza. Kasoma tena. Akaniambia kwamba kwa mujibu wa karatasi yangu mimi nacheka kama zamani, naingojea kesho kwa furaha, na nalia karibu siku nzima hata usingizi sipati. Akauliza kipi ni kweli.

Nikaigeuza mwenyewe. Upande wa pili visanduku vinaanza na jibu baya! Wifi huyu! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilitaka kulalamika kwamba karatasi ina kasoro. Mdomo ukafunguka, kikatoka kilio. Bila bomba! Muuguzi akafunga mlango, akampokea mtoto. Nikamwambia kila kitu. Kwamba naogopa asubuhi. Kwamba namtazama mwanangu na sisikii ile furaha wanayoisema, nasikia hofu tu ya kumwangusha. Kwamba nimechoka mpaka kwenye nywele.

Akasema pole mama, huu ni ugonjwa kama mwingine, unawapata wengi na unatibika. Akasema hakuna anayenyang'anywa mtoto kwa kosa la kuomba msaada. Kesho nije kwenye kikundi cha wazazi.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nikamkuta mama mkwe mlangoni. Nimemwambia kliniki wamenisifu.

Alhamisi, 6 Machi
Chumba kidogo. Viti vinane, jagi la maji, boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Na kwenye kiti cha dirishani, nywele timutimu, nani? Wifi!

Nikajua kaja kunipeleleza. Sivyo. Zamu yake ilipofika akasema hii ni wiki yake ya nne. Anang'arisha nyumba kwa sababu akikaa tu analia. Mbele ya mama yake anacheka, maana mama kamwambia na yeye vilevile: akishindwa, mtoto atachukuliwa. Juzi, kwa mara ya kwanza, kala chakula akasikia ladha yake. Usingizi nao umeanza kurudi, kidogo kidogo.

Halafu akaninyooshea mkono. Akasema laiti tungejua, wifi yangu, tungelia pamoja.

Mkono ule ulikuwa wa moto. Niliutaka. Mungu anajua niliutaka kuliko kitu chochote tangu nijifungue. Lakini watu saba wamenigeukia, na mmoja wao ni binti wa mama mkwe. Damu nzito kuliko maji. Leo analia nami, kesho anasimulia jikoni kwao.

Nikatabasamu. Lile la kwenye kioo. Nikasema mimi mzima wa afya, nimemsindikiza wifi yangu tu.

Wifi akaurudisha mkono wake mapajani. Muuguzi hakunigombeza. Alinipa karatasi mpya, akasema niijaze wiki ijayo, polepole, na safari hii nisome maswali.

Mume wangu kauliza kikundi kilikuwaje. Nikamwambia kizuri, ila wenzangu wana hali mbaya, maskini. Kisha nikaenda bafuni, nikafungulia bomba.

Ila sikurudi mikono mitupu. Sasa najua: upande wa kwanza unatia tiki juu, upande wa pili unatia tiki chini.