Simu Iliyolala Kifudifudi

Ijumaa, 7 Novemba 2025

Majani chai yamepimwa, ng'ombe wamekamuliwa, nimeoga. Zimebaki dakika ishirini jua litue na Sabato iingie. Daftari mbele yangu, simu kando ya sahani, imelala kifudifudi kama ninavyoilaza siku zote. Mtu mwenye heshima hawaanikii watu uso wa simu yake.

Jumatano kamati ya uteuzi inaketi. Mimi ni kiongozi wa mawasiliano wa kanisa letu hapa Magwagwa, mwaka wa tatu sasa. Matangazo ni yangu, picha za makambi ni zangu, na kundi la WhatsApp la waumini mia moja na kumi na wawili ni langu. Nataka kurudishwa. Nataka sana! Lakini kwetu kujipigia kampeni ya cheo cha kanisa ni aibu kubwa. Kamati huketi, ikakubaliana jina, kisha katibu akampigia simu mwenye jina palepale na kumuuliza kama atakubali. Akikubali anaandikwa. Asipokubali wanamtafuta mwingine.

Kwa hiyo nina mpango. Nitasema kila mahali kwamba nimechoka, sitaki tena. Kizuri chajiuza! Wataogopa kunipoteza. Watanipigia wakinibembeleza, nami nitakubali kwa huzuni kidogo.

Wa kunishindania ni mmoja tu, Shemasi Nyangate. Simu yake ni kabambe ya vibonyezo, imefungwa kwa raba bendi ili betri isianguke. Kiongozi wa mawasiliano mwenye simu ya tochi! Hata sijali.

Simu yangu imetoa ujumbe sasa hivi. Mfumo mpya uko tayari, apdeti kubwa, mambo mengi mazuri. Hii ni ishara. Jumatano kamati itamkuta mtu wa kisasa. Nimebonyeza.

Mong'ina, mke wangu, amepita na sufuria akauliza kama hiyo kazi itaisha kabla ya Sabato. Nimemwambia teknolojia haina mwendo wa ng'ombe.

Asilimia kumi na nne. Jua limetua.

Sabato, 8 Novemba

Naandika Sabato ikiwa imeshatoka, nisije nikaongeza dhambi nyingine.

Sikuigusa simu, ila kuitia mfukoni tu. Kweli kabisa! Ilifanya kazi yenyewe, mimi nikapumzika. Lakini dhamiri ilinisumbua, na katika Shule ya Sabato nikauliza swali kwa werevu, kana kwamba ni la mtu mwingine. Kama simu ya mtu inafanya kazi siku ya Sabato na mwenyewe amepumzika, je, kosa ni la nani?

Nyangate akasimama, akasoma amri ya nne polepole, akafika pale panaposema wala mnyama wako wa kufugwa. Akauliza kama simu hiyo hulishwa. Nikasema huchajiwa. Akauliza kama hulala ndani ya nyumba. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ikipotea mwenyewe huzunguka akiitafuta kwa majirani. Akasema basi huyo ni mnyama wa kufugwa, na mwenyewe amemtumikisha. Darasa zima lilicheka. Hata mchungaji!

Wakati huohuo simu ikamaliza apdeti, ikalia mfukoni mwangu mlio ambao sijawahi kuusikia maishani. Benchi lote likageuka.

Jioni nimeiwasha. Hii si simu yangu! Vijipicha vyote vimevimba na kubadilika rangi. Saa imekuwa kubwa kama ya ukutani. Kamera imehamia ilikokuwa redio, redio sijui ilikoenda.

Jumapili, 9 Novemba

Siwezi kupokea simu. Nasema tena, ili nijisadiki mwenyewe: mimi, kiongozi wa mawasiliano, siwezi kupokea simu.

Zamani nilikuwa nasukuma kidole juu, tunaongea. Sasa nasukuma juu, inaendelea kulia tu. Nasukuma kushoto, inakatika. Shemeji yangu Sylvanus amepiga kutoka Nyansiongo mara nne, mara nne nimemkatia. Mwishowe akampigia Mong'ina, akamuuliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa amenikosea nini. Nikatafuta orodha ya waliopiga nimrudie. Haipo. Imehama bila kuaga.

Saa nne wakaja waumini sita, kila mmoja na simu mkononi kama mgonjwa. Kumbe niliwahi kuandika kwenye kundi, mwezi wa nane, kwamba kila apdeti ikija ikubaliwe mara moja bila woga. Wakanitii! Mama Nyasani, bibi wa miaka sabini na tatu, picha ya mjukuu wake imetoweka kwenye uso wa simu na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Wote wakanitazama.

Nikasema kwa sauti nzito kwamba simu iliyobadilishiwa mfumo ni sawa na ng'ombe aliyetoka kununuliwa Keroka, lazima aachwe siku tatu azoee boma. Wakaitikia kwa kichwa, wakashukuru, wakanywa chai. Mama Nyasani hakunywa. Wakiondoka niliwaambia wote sita kwamba nimechoka na hiki cheo, sikitaki tena, wapelekee wengine habari. Mpango uko mahali pake.

Mong'ina akisafisha vikombe aliniuliza kwa nini nisiseme tu kwamba nakitaka. Nikamwambia Musa pia alikataa kwanza. Akasema Musa hakuwa na apdeti.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekwenda Nyamira kwa siri. Mong'ina nimemwambia naenda ofisi za kaunti kuuliza mambo ya mbolea.

Nyuma ya stendi kuna kibanda cha Sheryl, binti wa kutoka huko ziwani, hutengeneza simu. Nikamwambia simu imeharibika. Akaishika nusu dakika. Akaniambia, mzee, simu ni nzima, wewe ndiye bado hujazoea. Kisha akanifundisha. Kupokea ni kusukuma kulia. Kukata ni kusukuma kushoto. Akachukua simu yake akanipigia mara kumi na mbili, nami nikajibu mara kumi na mbili, halo, halo, mpaka mteja wake akaniuliza kama niko kwenye mazoezi ya kwaya. Mara ya kumi na mbili nilijibu kwa ufasaha wa ajabu.

Aliongeza jambo fulani kwamba kwa mfumo huu mpya, ukiilaza simu kifudifudi inanyamaza kabisa, nisije nikashangaa. Sikumsikiliza vizuri. Kwa nje nilikuwa nimeona kofia kama ya Nyangate na ilibidi nijifiche nyuma ya pazia lake. Haikuwa kofia ya Nyangate.

Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mpya. Nimeandika hotuba fupi ya kukubali: "Dada Katibu, umenishtua, lakini kama ni kazi ya Bwana, mimi ni nani nikatae?" Nimeisoma mbele ya ng'ombe. Imekaa vizuri.

Jumatano, 12 Novemba

Leo ndiyo leo. Kamati imeingia kanisani saa nane. Katibu wake ni Dada Phanice, mwalimu, mtu wa kunyoosha mambo.

Nimevaa shati la Sabato. Nimekaa mezani. Simu iko mbele yangu, kifudifudi, kwa utulivu. Sitaigeuza. Anayeitazama simu ni mtu anayengoja, na mimi singoji.

Saa tisa. Kimya.

Saa tisa na nusu. Kimya. Wanabishana, nadhani. Wengine wanalia kwamba nimechoka.

Saa kumi. Mong'ina kaniuliza kama nitachuma chai au nitaiangalia hiyo simu mpaka iote mizizi. Nimemwambia niko kwenye mambo ya kanisa.

Saa kumi na moja nimeona kwa dirisha wajumbe wakitoka, wanapita barabarani na Biblia kwapani. Hakuna aliyetazama kwangu! Nimeigeuza simu. Haijalia hata mara moja, naapa, ningesikia. Kuna kidoti chekundu kipya chenye namba tano. Ni madoido ya apdeti. Nimekipuuza.

Sielewi. Kama hawakunipigia mimi, walimpigia nani?

Alhamisi, 13 Novemba

Nimelielewa jambo. Hawajamaliza! Wameona jina langu ni zito, wakaahirisha. Ndiyo maana kimya.

Nimekutana na Nyangate kwenye kituo cha kupimia majani. Akanipa mkono kwa mikono yote miwili, akasema pole kwa kazi ya miaka mitatu, sasa nipumzike. Maneno gani haya? Nikamjibu kwa sauti, foleni yote isikie, kwamba kweli nimechoka, nimechoka kabisa, hata wakinipigia magoti. Akasema ndivyo alivyosikia. Alikuwa na uso wa mtu anayenihurumia. Ujanja mtupu.

Sabato, 15 Novemba

Nimeumia. Leo sina mzaha.

Dada Phanice alisimama kusoma taarifa ya kamati. Wazee, mashemasi, watunza hazina, walimu wa watoto. Nikarekebisha tai. Kiongozi wa mawasiliano, akasoma: Ndugu Nyangate.

Kanisa likasema amina. Amina kubwa! Mama Nyasani naye alisema, nilimsikia. Jina langu lilikuja baadaye kabisa, kati ya watu wa kupanga viti.

Baada ya ibada nilimfuata Dada Phanice chini ya mti wa mparachichi penye viti. Nikamuuliza, bila kuonyesha kitu, kama kamati ilipata shida. Akasema jina langu ndilo lililokuwa la kwanza, hakuna aliyelipinga. Akasema walinipigia mara tano, wajumbe kumi na mmoja wamenyamaza wakisikiliza simu inavyoita. Wengine wakasema Ndugu Anyona ametangaza kila mahali kwamba hataki, na sasa anakataa hata kushika simu. Wakampigia Nyangate. Alishika kabla haijaita mara ya pili.

Mara tano. Kidoti chekundu. Nikakumbuka kibanda cha Sheryl na ile kofia.

Nikapanga viti.

Nyumbani Mong'ina alinipakulia ugali na mboga ya chinsaga, akanimiminia maziwa bila kuuliza. Nikamwambia kila kitu, hata Nyamira. Alicheka kidogo, kisha akaacha. Akaniambia, Baba Sheila, ungesema tu unataka. Wangekuja mpaka hapa kwa miguu.

Jumapili, 16 Novemba

Nyangate amekuja nyumbani na mkungu wa ndizi. Ameketi, kofia magotini. Amesema hajui kundi la WhatsApp ni nini na haoni aibu kusema. Yeye atampigia kila muumini mmoja mmoja kwa kabambe yake, lakini picha na kundi ananiomba nimsaidie. Ameniomba! Nimesema nitafikiria. Akasema asante, akabaki ameketi akingoja nimalize kufikiria. Nikakubali.

Ni mtu mwema. Linaudhi sana jambo hilo.

Kisha Mchungaji Omwenga amepita. Amesema mmoja wa waliosomwa kuwa wazee wa kanisa amepata uhamisho wa kikazi, atahamia Kisii mjini, na nafasi iko wazi. Mzee wa kanisa! Kamati itaketi tena Ijumaa kabla ya Sabato, na jina langu linatajwa. Ameniomba jambo moja tu, nikae karibu na simu na nishike. Nimemwambia kwa mdomo wangu kwamba nataka. Mong'ina alikuwa mlangoni, alisikia, akatabasamu.

Sasa najua kila kitu. Nasukuma kulia, na simu inatazama juu. Mtu mwenye akili hujikwaa mara moja tu.

Ijumaa, 21 Novemba

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Nimeoga. Kamati imeingia saa kumi na moja na nusu. Simu iko mezani, uso juu, sauti mwisho. Mong'ina ameenda kuchota maji, ameniacha na onyo moja, nisiguse kitu.

Imelia! Si kamati. Ni ujumbe. Apdeti ndogo, inasema, ya kurekebisha matatizo ya kupokea simu. Kupokea simu! Tatizo langu lenyewe, limeandikwa hapo kama waliniona. Basi haikuwa kosa langu. Hata wenyewe wamekiri.

Nimefikiri kwa makini. Itachukua dakika ishirini na tano. Jua linatua baada ya dakika arobaini. Hakuna mnyama atakayetumikishwa Sabato. Na mzee wa kanisa hawezi kupokea wito mtakatifu kwa simu yenye matatizo. Isitoshe, wakinikosa mara ya kwanza si vibaya, wataona sina pupa. Wito wa uzee hupokewa na mtu wa kubembelezwa.

Nimebonyeza. Kioo kimekuwa cheusi, kisha asilimia mbili.

Mwanga wake unaniudhi macho. Nimeilaza kifudifudi kidogo, mpaka imalize.