Jinsi Nilivyookoa Kompyuta Tano za Maktaba

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa. Mkuu wa maktaba ametangaza kikaoni kwamba kompyuta tano za chumba cha wasomaji zimezeeka. Mfumo endeshi wake haupati tena masasisho, toleo jipya haziliwezi, na Ijumaa mchana linakuja gari kuzichukua zikavunjwevunjwe. Kila mtu akaangalia viatu vyake.

Nikasimama. Nikasema upo mfumo mwingine, Linux, wa bure, unaofufua hata kompyuta iliyokwisha kuagwa. Nikasema naujua nje ndani. (Niliusoma kwenye simu juzi, nikingoja zamu yangu kwa kinyozi.) Mkuu akauliza kama zitawaka kabla ya Ijumaa. Nikajibu hata kesho. Mdomo huu!

Shabaha yangu ni cheo cha Msimamizi wa Teknolojia, pamoja na kile chumba cha juu chenye dirisha. Mimi ni karani wa kuazimisha vitabu na meza yangu inapakana na choo. Mpinzani ni mmoja tu, dada mfunga vitabu, ambaye mwaka wa tatu huu anakiomba chumba hichohicho akaushie gundi ya majalada. Kikaoni hakutia neno. Sipendi watu wasiotia neno.

Jumanne, 5 Machi

Kumbe Linux si moja. Ipo nyepesi ya mashine kuukuu, ipo ya wanaoanza, ipo ya mabingwa. Dada mfunga vitabu akanijia kwa adabu, akasema kwa kompyuta zetu ile nyepesi ndiyo inayofaa, yeye anaitumia nyumbani mwaka wa sita. Nikamshukuru. Nikachukua ya mabingwa. Picha yake ni joka. Ile nyepesi picha yake ni panya. Mtu anayetafuta cheo haanzi na panya.

Nikaipakia kwenye kompyuta ya kwanza. Ikachukua saa nne nzima. Ikawaka: kioo cheusi ti, na kistari kimoja kinapepesa. Basi. Nikakingoja. Nacho kikaningoja. Mkuu akapita, akauliza picha na vitufe viko wapi. Nikamwambia mabingwa hawavihitaji. Akauliza, na wasomaji? Nikajifanya nakohoa.

Jumatano, 6 Machi

Asubuhi ushindi! Kompyuta ya kwanza ina picha. Ila kibodi nimeiwekea mpangilio wa nchi nyingine, sijui ipi. Ukibonyeza A inatoka Q. Mzee fundi cherehani, mstaafu, msomaji wetu wa kila siku, alijaribu kuandika jina la mkewe, likatoka kama jina la dawa ya kikohozi. Nikamweleza kuwa ni ulinzi, wezi hawataweza kusoma. Akasema hata yeye hawezi.

Mchana nikaifikia ya tatu. Ikauliza kama ifute diski yote. Nikakubali, mimi si mtu wa kusitasita. Dakika mbili baadaye nikakumbuka nani hukaa kwenye ya tatu. Yule yule mzee. Anaandika habari za maisha yake, kurasa mia moja na arobaini, miaka miwili, kidole kimoja.

Mzee akaja akaniuliza maandishi yake yako salama? Nikamwambia yamepumzishwa.

Nyumbani mke wangu akauliza mbona sili. Nikamweleza. Akasema kesho nimwendee mfunga vitabu, mara moja. Nikasema afadhali nimeze kipanya, na waya wake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamka na mpango. Mzee anisimulie maisha yake upya, eti kwa ajili ya kuhakiki, mimi nichape. Hatajua kitu.

Akafurahi. Akavuta kiti, akaanza na kuzaliwa kwa baba yake. Nikachapa, Q pale A, A pale Q, jasho linatiririka. Baada ya saa mbili alikuwa ndiyo kwanza ana miaka kumi na mmoja, yuko kwa mjomba wake fundi, amekata suruali ya mwalimu mkuu mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, na mwalimu mkuu kaivaa shuleni kutwa nzima akidhani ni sakafu iliyoinama. Nikacheka mpaka nikalaza kichwa kwenye kibodi. Halafu, sijui vipi, kicheko kikageuka kilio.

"Mzee," nikasema, "maandishi yako nimeyafuta. Yote."

Hakugomba. Alivua kofia, akaiweka magotini, akawa anaitazama tu. Bora angenichapa makofi.

Dada mfunga vitabu alikuwa mlangoni. Akaingia, akaweka flashi mezani.

"Jumatatu, niliposikia unasema unaujua nje ndani," akaniambia, "nikanakili kila kitu."

Kurasa mia moja na arobaini! Mzee akamshika dada mikono yote miwili. Kisha akanishika na mimi, sijui kwa nini. Tukacheka wote watatu kama wehu.

Mpaka kufunga tulikuwa tumepakia ile nyepesi kwenye kompyuta zote tano. Nasema "tulikuwa". Mimi nilishika flashi.

Ijumaa, 8 Machi

Zimewaka! Tano zote, haraka kuliko zilipokuwa mpya. Wasomaji wamejazana mpaka wengine wanakalia ngazi ya kufikia rafu za juu. Mzee akasoma kwa sauti kisa cha suruali. Mkuu alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

Gari likaja. Dereva akaambiwa hakuna cha kubeba. Akaomba achungulie kidogo, akakaa kwenye ya nne kumwandikia dada yake barua, na saa kumi alikuwa hajainuka. Bosi wake alipiga simu mara tatu.

Mkuu akatangaza Msimamizi wa Teknolojia: dada mfunga vitabu. Chumba chenye dirisha: dada mfunga vitabu. Mimi nikashukuriwa kwa ujasiri. Nilipiga makofi, na cha ajabu, yalitoka moyoni. Mzee ameniambia ameniongeza kwenye kitabu, sura nzima, inaitwa "Kijana Aliyenifuta". Nina miaka arobaini na sita. Nimefurahi mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Nusu siku. Wasomaji wamejaa, mimi sina kazi. Msimamizi mpya ametugawia karatasi ya masharti. Nikatia saini haraka bila kuisoma, nisimcheleweshe.

Mkuu hayupo mpaka Jumatatu. Nilipita ofisini kwake kumwagilia ua. Kompyuta yake ni mpya na haina kasoro yoyote. Inasikitisha. Mtu aliyetutendea wema kiasi hicho anatumia mfumo wa kawaida kama watu wengine wote! Nimempatia mwingine, umetoka wiki hii hii, picha yake ni tai. Atashangaa huyo! Na watu wakishangaa, vyeo hugawanywa upya.

Naandika haya nikiwa kwenye kiti chake. Kinazunguka. Upakiaji umefika asilimia sitini na mbili. Dada mfunga vitabu alipita mlangoni akaniuliza kama nimenakili kwanza mafaili ya mkuu.

Nikamwambia, kwa kitu kidogo namna hii?