Kamati ya Kubadili Mfumo wa Kompyuta ya Chef Clovis

Wananchi wa Mtaa wa Mapalo, jiji la Lubumbashi, wanatangaziwa kwamba kazi ya kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta iliyoko sebuleni kwa Chef wetu wa mtaa, Mheshimiwa Clovis Mwelwa, imekamilika kwa mafanikio makubwa. Mimi, Ntumba, Katibu wa Kudumu wa kamati iliyosimamia kazi hiyo, nimeagizwa kuandika taarifa hii ili kuzima maneno yanayozunguka sokoni. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayakufuata utaratibu.

Mtaa wetu hauna ofisi. Ofisi ni sebule ya Chef, na kompyuta ya nyumbani kwake ndiyo kompyuta ya serikali. Mwaka jana Chef alipiga marufuku vyeti vya makazi vilivyoandikwa kwa mkono, kwa kuwa tumeingia zama za numérique, yaani za kidijitali. Baadaye tukapewa imprimante mpya ya kuchapishia vyeti hivyo. Imprimante ikakataa kuelewana na kompyuta, ikidai mfumo wake ni wa kizamani. Kwa wiki tatu hakuna mkazi hata mmoja aliyeweza kuthibitisha kwamba anakaa anapokaa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imeleta ujumbe kwenye kioo: mfumo mpya uko tayari, je, uwekwe? Chef aliusoma mara mbili, akauliza una namba gani ya barua. Haukuwa na namba. Haukuwa na muhuri, wala sahihi, wala cheo cha aliyeutuma. Ofisi makini haitekelezi amri ya mtu asiyejulikana. Tulibonyeza palipoandikwa « Me le rappeler plus tard », yaani nikumbushe baadaye, jibu ambalo kiutawala lilitupendeza sana, kisha tukaunda kamati.

Kamati ilijitenga siku mbili kule hoteli ya Karavia, mbali na kompyuta, ili isituathiri. Samaki alikuwa mzuri. Azimio la kwanza lilisema mfumo mpya huenda ukawa bora kuliko wa zamani. Azimio la pili lilisema hiyo ndiyo hatari yenyewe. Tukarudi nyumbani.

Aliyetuharakisha ni Mama Marceline. Ni muuguzi, mjane, amekaa miaka minne bila kazi, na sasa alikuwa amepata nafasi kwenye zahanati moja ya Kambove. Walimtaka alete cheti cha makazi kabla ya Ijumaa. Alikuja kwetu Jumatatu, akaja Jumanne. Jumatano alikuja na fundi, dada mmoja wa Kamalondo aitwaye Kapinga, anayetengeneza kompyuta.

"Chef, napita paka kuuliza tu," Mama Marceline alisema. "Vendredi ile kazi batapatia mutu mwingine."

"Mama, uvumilie. Dossier iko mu étude," Chef alijibu, yaani faili bado linasomwa.

"Beko banasoma nini mule?"

Swali hilo halikuwa kwenye ajenda, kwa hiyo sikuliandika. Nakiri kwamba lilinichoma.

Kapinga alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta. "Papa Chef, hii kintu inaomba paka ndiyo ao hapana," alisema.

Katika maisha yake yote ya kazi Chef hajawahi kujibu kwa neno moja. Alinitazama, nami nikatazama dari. Mwishowe akatamka, "Ndiyo, sous réserve." Kapinga akabonyeza ndiyo, na ile réserve, yaani sharti lake, hatujui ilikoenda.

Mfumo uliingia kwa saa mbili. Ukauliza mwenye kompyuta amezaliwa lini.

Sina budi kueleza kwamba Chef ana tarehe tatu za kuzaliwa. Ya kwanza ni ya ubatizo. Ya pili ni ya kuajiriwa. Ya tatu ilijitokeza yenyewe kwenye faili lake alipokaribia pensheni, na kwa hesabu ya tarehe hiyo Chef ni mdogo wa binti yake Madeleine kwa miaka miwili. Sasa, kompyuta zote zimeunganishwa, Chef alitukumbusha. Ukiiambia moja, mpaka Kinshasa watajua.

"Utie tarehe ya mbali na pension," aliagiza. "Mbali kabisa."

"Mbali namna gani, Papa Chef?"

Kamati, yaani Chef na mimi, ikapiga kura. Tukachagua kwa kauli moja tarehe inayompa Chef miaka kumi na mmoja. Hakuna sheria inayoweza kumstaafisha mtu wa umri huo.

"Muko sûr?" Kapinga aliuliza, akitaka uhakika.

"Andika."

Kompyuta iliipokea bila ubishi. Kisha ikatangaza kwamba mtumiaji huyu ni mtoto, na haitafunguka hadi mzazi atoe ruhusa.

Mimi sikuweza kusimama kama mzazi; kiutawala, katibu hawezi kumzaa chef. Kapinga alisema, "Miye niko na batoto batatu ku nyumba, banatosha." Mke wa Chef, Mama Albertine, alikataa kutoka jikoni kabla hajaulizwa. Aliyebaki ni Mama Marceline, mwenye anwani ya email aliyoombea kazi.

"Ni provisoire, Mama," Chef alimwambia, yaani ni kwa muda. "Formalité tu."

"Haina mubaya," alisema, akitoa simu yake. "Jina ya mutoto niandike nani?"

"Clovis."

Dakika mbili baadaye imprimante ikatoa cheti chake, na Alhamisi akapanda basi la Kambove. Nilifurahi sana, ingawa fomu ya taarifa haina mahali pa kuandika hivyo.

Jumapili simu ya Mama Marceline ilipokea ripoti ya wiki kuhusu mtoto wake. Mchezo wa karata: saa kumi na tisa. Vyeti vya makazi: dakika nane. Aliituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa bila kuongeza neno, kisha, akiwa huko huko Kambove, akaufunga mchezo wa karata na kuweka ukomo wa saa.

Chef alidai arudishiwe utu uzima mara moja. Kompyuta haikuwa na tatizo: alete tu hati yenye tarehe yake ya kweli. Kamati ililichunguza sharti hilo kwa makini. Tarehe ya kweli inamstaafisha Chef tangu miaka tisa iliyopita. Imeazimiwa abaki mtoto.

Utaratibu mpya ni kwamba kila asubuhi Chef anapiga simu Kambove kuomba muda wa kompyuta, na mimi naandika mazungumzo. Ya leo yalikuwa hivi.

"Mama, yambo. Minaomba saa mbili."

"Batu beko ngapi ku mulango?"

"Kumi na mbili."

"Nakupatia nusu saa. Umalize bale batu, kisha uniite. Na usibaongeleshe mubaya, Clovis, beko banakungoja tangu asubui."

"Ndiyo, Mama," Chef alijibu, akamwita mtu wa kwanza.