Mashine Yenu Imemwondoa Mke Wangu Nyumbani

Kwa Meneja wa Supamaketi,
Ghorofa ya juu, mlango ulioandikwa "Wafanyakazi Tu".

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na mkeo yupo nyumbani. Wangu hayupo. Ana siku tisa kwa dada yake, na aliyemwondoa si mwanamume mwenzangu wala si ulevi. Ni ile mashine yenu ya pointi.

Mimi si mtu wa kulalamika. Ni dereva wa lori, nimevuka mipaka minne, nimepekuliwa na maofisa wa forodha wa kila aina, mmoja alinivua mpaka soksi, na wote tuliagana tukicheka. Shule niliiacha darasa la saba, ila dunia nimeisoma mpaka jalada la nyuma. Ukiona mtu kama mimi ameshika kalamu, ujue mambo yameharibika.

1. Siku mliponipa kadi ya pointi za manunuzi, simu yangu ilikuwa kwa fundi. Binti wa kaunta akasema, "Mzee, weka namba yoyote ya nyumbani, ni ya pointi tu." Nikaweka ya mke wangu. Hakunidokeza kwamba pointi zina mdomo.

2. Nimegundua mnanifuata humo dukani, kwa kamera au kwa simu, mnajua wenyewe. Wiki mbili mfululizo nilisimama mbele ya friji lenu la mtindi kwa sababu nje kulikuwa na joto na pale pana ubaridi wa bure. Mtindi siugusi, unanivuruga tumbo. Mara mke wangu akaletewa ujumbe: "Mpenzi wa mtindi, leo kuna punguzo!" Akanunua makopo sita. Nikayala yote sita kwa heshima ya ndoa. Yaliyofuata chooni nadhani mashine yenu inayo pia.

3. Sasa sikiliza hili. Paka alizalia kwenye boksi la vifaa vya lori langu, akatoweka, akaniachia watoto watatu hawajafumbua macho, wanalia kama breki mbovu. Ningefanyaje? Nikanunua kwenu maziwa ya unga ya watoto wachanga, makopo manne, na chupa ya kunyonyea. Nikawa nawanyonyesha gereji, mmoja mmoja, mtu mzima na kitambi changu. Nyumbani sikusema. Mwaka jana nilimtimua paka wa mama mkwe kwa ufagio, nikaapa mbele ya ukoo mzima kwamba mimi na paka hatukai chini ya bati moja. Mwanamume ana heshima yake.

4. Ndipo mashine ikamwandikia mke wangu, ambaye kitinda mimba wake tayari ana ndevu: "Hongera kwa mgeni mdogo! Nepi nusu bei."

5. Nilipomwambia ni paka, aliniuliza swali moja tu: "Paka gani ananyonya chupa, baba watoto?" Nikampeleka gereji ajionee. Paka walishakua, wamekwenda zao bila hata kuaga. Palikuwa na makopo, chupa, na kitaulo. Jioni ile akafunga sanduku.

Kwa hiyo, Ndugu Meneja, naomba mfute kila mnachokijua kunihusu, kuanzia sabuni hadi pumzi. Kisha mashine ileile imwandikie mke wangu kwamba mteja wenu hana mtoto wa nje, nakala kwa mama mkwe. Na kwa kuwa mashemeji zangu hawasomi ujumbe, mtangaze kwenye vipaza sauti Jumamosi asubuhi, kati ya bei ya sukari na tangazo la gari lililoziba lango. Halafu wewe mwenyewe uvae tai, uende kwa dada yake ukaniombee msamaha. Anachonunua mtu ni siri yake. Hata mume hana ruhusa ya kuchungulia mfuko wa mkewe, sembuse duka! Kwa hilo sirudi nyuma, hata mnipe pointi elfu.

Nisalimie binti wa kaunta, simlaumu. Msalimie mlinzi anayepekua mifuko kwa adabu, na yule mama wa mizani anayenizidishia nyanya moja akidhani sioni.

Ni mimi, mteja wenu ninayewapenda kwa uchungu,
Dereva wa Lori, kadi inayoishia na 417

N.B. Kabla hamjafuta, hebu fungueni mara moja tu. Mke wangu anatumia namba hiyohiyo kwenye tawi lenu la karibu na dada yake. Nitazamieni amenunua nini siku hizi tisa. Kama ni mkate nusu na sabuni kipande, anarudi. Kama ni pazia, niambieni taratibu. Na kama kuna nyembe za kunyolea ndevu, tazameni vizuri, maana dada yake ni mjane. Zikiwa za bluu ni zangu, ananinunulia yeye tangu tuoane, na leo hii nawasha lori nikamchukue. Zikiwa za rangi nyingine, msinijibu.